Taa za Roger Deakins na kisahani juu ya ukuta wa jela

Joel na Ethan Coen, ndugu wawili wa Kimarekani, walikuwa wakitengeneza filamu yao The Hudsucker Proxy, iliyotoka mwaka 1994, walipovutiwa na bango la kinyozi. Lilikuwa pambo tu la seti: bango la miaka ya 1940 lenye vichwa vya wanaume vilivyopangwa safu kwa safu, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Wakaanza kumfikiria mtu anayekata nywele hizo kutwa nzima. Anaitwa nani? Akirudi nyumbani usiku anawaza nini? Mwaka 2001 wakaleta jibu, The Man Who Wasn't There, hadithi ya kinyozi aitwaye Ed Crane wa mji wa Santa Rosa, California, katika mwaka 1949. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, ya dakika 116, yenye mauaji, barua ya vitisho, wakili wa bei mbaya na kiti cha umeme. Na ndani ya hayo yote, kwa namna ambayo mtazamaji haitarajii, vimo visahani vya angani.

Wanaoisifu filamu hii kwa kawaida huanza na Billy Bob Thornton, ambaye anaiigiza nafasi ya Ed kwa uso usiosogea, sigara mdomoni, maneno machache kuliko ya mteja yeyote anayeketi mbele yake. Wana haki. Mimi namtaka mtu aliyekuwa nyuma ya kamera, Roger Deakins, kwa sababu bila yeye habari ya visahani ingekuwa kichekesho kilichobandikwa juu ya hadithi ya mauaji. Yeye ndiye aliyeifanya iwe ya filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho.

Deakins ni Mwingereza, mzaliwa wa Torquay katika jimbo la Devon. Alizaliwa mwaka huohuo 1949, jambo ambalo halina maana yoyote ila linapendeza. Kabla ya filamu za kubuni alipiga picha za filamu za matukio halisi, kazi ambayo humfundisha mtu kutumia mwanga alioukuta badala ya kungoja ule anaoutamani. Alianza kufanya kazi na ndugu Coen katika Barton Fink ya mwaka 1991, na tangu hapo wakawa pamoja kwa miaka mingi. Ana desturi moja ambayo wapiga picha wakuu wengi wa Hollywood hawana: kamera anaishika mwenyewe. Wengine hupanga taa, kisha humwachia msaidizi jicho la lenzi. Deakins anataka aone kwa jicho lake kile kinachoingia.

Hadithi naipitia haraka, na mwisho wake sitauficha. Ed ananyoa katika saluni ya shemeji yake, Frank. Mkewe Doris, anayeigizwa na Frances McDormand, ni mtunza hesabu katika duka kubwa la Nirdlinger's, na ana uhusiano wa siri na bosi wake, Big Dave. Siku moja mgeni mwenye nywele za bandia, Creighton Tolliver, anaketi kwenye kiti cha kunyolea akitafuta mtu wa kutoa dola 10,000 ili waanzishe drai klina. Ed, ambaye hajawahi kutaka kitu maishani, anataka hicho. Anamwandikia Big Dave barua isiyo na jina, ama atoe dola hizo 10,000, ama siri yake na mke wa mtu itoke. Big Dave analipa, kisha anagundua. Usiku mmoja dukani anamkaba Ed, na Ed anamchoma kisu cha shingo. Anayekamatwa kwa mauaji hayo ni Doris, na Doris anajinyonga gerezani kabla kesi haijaanza. Baadaye Ed naye anahukumiwa kifo, lakini kwa kumuua Tolliver, mtu ambaye hakumgusa. Aliyemuua ni Big Dave.

Hiyo ni hadithi ya filamu za giza kama zilivyotengenezwa Hollywood miaka ya 1940, zile ambazo mhakiki wa Kifaransa Nino Frank alizipa jina la noir mwaka 1946. Ndugu Coen hawafichi deni. Jina Nirdlinger limetoka katika riwaya ya James M. Cain, Double Indemnity. Jina la wakili, Riedenschneider, limetoka katika The Asphalt Jungle ya mwaka 1950. Na Santa Rosa ndio mji alioutumia Alfred Hitchcock katika Shadow of a Doubt, mwaka 1943, alipotaka kuonyesha uovu ukiingia katika mji mdogo wenye jua na majirani wanaosalimiana. Mtu asiyeyajua haya hapotezi kitu.

Sasa kazi yenyewe. Filamu hii ya nyeusi na nyeupe ilipigwa kwa mkanda wa rangi. Kila tone la damu, kila mdomo uliopakwa rangi, kila jani la Santa Rosa liliingia kwenye negativu likiwa na rangi yake, na baadaye katika maabara picha zikachapwa nyeusi na nyeupe. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kibiashara: wenye fedha walitaka toleo la rangi lipatikane kwa masoko yasiyopenda nyeusi na nyeupe. Sababu ya pili ni ya fundi, nayo ndiyo inayonivutia. Mikanda ya nyeusi na nyeupe ilikuwa imeachwa nyuma. Double-X, mkanda uliotegemewa na wengi, Kodak waliutoa mwaka 1959, na kwa miaka arobaini iliyofuata fedha na akili za utafiti zilikwenda kwenye rangi. Kufikia mwaka 2000 mikanda ya rangi ilikuwa na chembe ndogo zaidi na ilihitaji mwanga kidogo zaidi. Deakins akachukua kilicho bora cha wakati wake ili kutengeneza kitu cha wakati wa baba yake.

Matokeo yanaonekana katika shoti ya kwanza ya saluni. Filamu za giza za zamani zina chembechembe, na weusi wake ni mkali, wa kukata. Hapa kijivu kina ngazi nyingi mno. Koti jeupe la Ed lina vivuli ndani ya weupe wake. Sabuni ya kunyolea ina weupe wa aina nyingine, na ukuta wa nyuma una mwingine tena. Ukiwa na rangi, mtu aliyevaa shati jekundu mbele ya ukuta wa kijani unamwona papo hapo. Ondoa rangi, na kama wekundu ule na ukijani ule vina mng'ao sawa, mtu anamezwa na ukuta. Ndiyo maana katika kazi ya namna hii mbunifu wa seti, Dennis Gassner, na mbunifu wa mavazi, Mary Zophres, wanakuwa nusu wapiga picha. Kitambaa hakichaguliwi kwa uzuri wake dukani. Kinachaguliwa kwa kijivu kitakachobaki rangi ikishaondolewa.

Yaliyobaki ni ya taa. Wapiga picha wa zamani walikuwa na dawa yao: upande wa uso ulio gizani uwekewe ukuta wenye mwanga nyuma yake, na upande wa uso wenye mwanga uwekewe giza. Hivyo mtu anachorwa pande zote bila mstari hata mmoja. Deakins anaijua dawa hiyo na anaitumia kwa kipimo. Wengi wanaoiga filamu za giza huchukua vivuli vya pazia za mbao ukutani, kofia, taa moja ya barabarani kwenye mvua, wakadhani wamemaliza. Yeye anaanza na swali la mtu wa filamu za matukio halisi: katika chumba hiki, mwanga unatoka wapi? Dirisha liko wapi? Taa ya meza ipo upande gani? Kisha anautii mwanga huo hata pale unapomnyima uso wa mwigizaji.

Tazama moshi. Ed anavuta sigara karibu katika kila onyesho, na moshi ni kitu kigumu kwa kamera. Ukiumulika kutoka mbele, unapotea. Ukiumulika kutoka nyuma au ubavuni, unapata mwili, unajikunja, unapanda, unasimama hewani. Deakins anauweka moshi wa Ed kwenye mwanga wa nyuma mara kwa mara, na kwa mtu asiyesema, moshi huo unakuwa ndio usemi wake. Uso umetulia, na juu yake kuna kitu kinachosogea na kuyeyuka. Sijui waigizaji wangapi wamewahi kusaidiwa namna hiyo na mpiga picha.

Nimeliangalia mara nyingi onyesho la wakili gerezani, na bado nagundua jambo. Freddy Riedenschneider, wakili kutoka Sacramento anayekula chakula cha gharama na kulala katika hoteli nzuri kwa fedha za mteja, anaigizwa na Tony Shalhoub. Amekaa na Doris, Ed na mpelelezi wake katika chumba cha mahojiano. Ukuta ni mtupu. Juu kabisa kuna dirisha lenye nondo, na kutoka hapo unashuka mwanga mmoja mkali, ukitua katikati ya chumba na kuchora nondo sakafuni. Sehemu nyingine yote ya chumba ni giza la kijivu. Riedenschneider anasimama, anaanza kutembea, anaeleza utetezi aliougundua. Kuna Mjerumani mmoja, anasema, jina lake halikumbuki vizuri, aliyegundua kwamba kitendo cha kukitazama kitu kinakibadilisha kitu hicho. Anamzungumzia Werner Heisenberg na kanuni yake ya mwaka 1927, na anataka kuipeleka mbele ya baraza la wazee wa mahakama ya mji mdogo kama sababu ya kuwa na shaka. Kadiri unavyotazama, ndivyo unavyopungukiwa na ujuzi; hiyo ndiyo hoja yake.

Anapoisema anaingia kwenye mwanga na kutoka. Ndani ya mwanga uso wake umeungua kwa weupe, kiasi kwamba macho yamekuwa mashimo. Nje ya mwanga ni umbo tu. Hakuna mahali katika chumba kile ambapo unaweza kumwona kwa kiasi: ama mwanga umezidi, ama haupo. Deakins angeweza kuweka taa ndogo ya kujaza kivuli, kama wafanyavyo wengi, tumwone Shalhoub akiigiza. Hakuiweka. Mwanga unafanya hoja ya wakili kabla wakili hajaimaliza. Na kuna uchungu uliofichwa humo, kwa sababu wakili huyuhuyu aliwahi kuambiwa ukweli. Ed alimwambia waziwazi kwamba muuaji ni yeye. Riedenschneider aliupima ukweli huo kama bidhaa, akaona hauna wa kuuthibitisha, akauweka kando.

Hapo ndipo visahani vinapoingia kwa haki. Filamu inayosema kwamba mwanga hauelezi ni filamu ambayo taa ya ajabu angani inaweza kukaa ndani yake bila kuwa mgeni.

Kwanza, mwaka. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold, akiruka karibu na mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliripoti kuona vitu tisa vikienda kwa kasi ya ajabu. Magazeti yakaanza kuandika habari za sahani zinazoruka, na ndani ya wiki chache kila mji ulikuwa na mtu aliyeziona. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo kambi ya jeshi ya Roswell, New Mexico, ikatangaza kwamba imeokota mojawapo, kisha jeshi likageuka na kusema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilieleza kwamba mabaki yale yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul, wa maputo yaliyotumwa juu sana kusikiliza milipuko ya majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Wasovieti wenyewe walilipua bomu lao la kwanza tarehe 29 Agosti 1949. Kwa hiyo mwaka wa Ed Crane ni mwaka ambao Wamarekani waliokwisha kushinda vita walikuwa wakitazama juu kwa hofu, na serikali yao kweli ilikuwa na siri angani, ingawa si ile waliyoidhania.

Ndugu Coen hawasimulii lolote kati ya haya. Wanayaacha yapite pembeni. Ed anapekua jarida lenye habari za Roswell, nasi tunaliona kwa muda mfupi tu. Big Dave, anayejigamba kwa vita alivyopigana dhidi ya Wajapani, baadaye anafichuka kuwa vita hivyo alivipigana mezani, katika kazi ya ofisi huko San Diego. Kila mtu ana hadithi kubwa kuliko maisha yake. Mjane wake, Ann, ana kubwa kuliko zote.

Anakuja usiku, baada ya mazishi. Anabisha mlangoni kwa Ed akiwa amevaa nguo za msiba, kofia yenye wavu mweusi ulioshuka usoni. Katherine Borowitz anamwigiza Ann akiwa amekodoa macho na karibu hapepesi. Anakataa kuingia. Anasimulia kwamba walipokwenda kupiga kambi karibu na Eugene, Oregon, Big Dave alichukuliwa na chombo kilichotoka angani, kwamba tangu siku ile hakuwa mtu yuleyule na hakumgusa tena mkewe, na kwamba serikali inajua. Anaamini kifo cha mumewe kinatokana na hayo, na kwamba Doris hana hatia. Kuhusu Doris, yuko sahihi. Wanasheria wote, wapelelezi wote, magazeti yote yamekosea, na mwanamke anayezungumza habari za visahani ndiye aliyepata.

Mkono mwingine ungemfanya Ann kituko. Angewekewa taa kutoka chini ya kidevu, au muziki wa kutetemesha. Deakins anampa heshima ya mwanga wa kawaida wa baraza la nyumba usiku, anamsogelea taratibu, na kuuacha wavu ufanye kazi. Mwanga ukipita kwenye wavu unaugawa uso katika vipande vidogo, kiasi kwamba ngozi inaonekana kama kitu kinachokuja kutoka mbali, na macho peke yake ndiyo yanabaki mazima. Mtazamaji hajui acheke au aogope, na Ed naye hajui. Anamsikiliza kama anavyowasikiliza wateja.

Baada ya Ann, jicho linaanza kuona miduara. Ed anapata ajali ya gari pamoja na Birdy, msichana anayepiga piano, ambaye Scarlett Johansson anamwigiza akiwa bado kijana sana. Gari linaacha njia, na katika ukimya wa ajali kifuniko cha rimu kinachomoka na kuzunguka hewani, cha chuma, kiking'aa. Kutoka kwenye duara hilo tunafika kwenye duara jingine, kioo cha mviringo ambacho daktari amekivaa kwenye paji la uso, kikiwa kimemwinamia Ed hospitalini. Kwa sekunde moja au mbili hujui unatazama nini. Ni sahani, ni gari, ni daktari. Picha ya rangi ingekuambia mapema kwa sababu ya rangi ya ngozi nyuma ya kioo. Kijivu kinaweza kuchelewesha jibu, na Deakins anajua kuchelewesha kwa kipimo cha nywele.

Wapo wanaoihesabu kila taa ya dari na kila beseni humo kuwa kisahani. Sikubaliani nao. Mtu akishaambiwa atafute duara, dunia nzima ni duara, na ufundi wa kudokeza unakufa pale kila kitu kinapokuwa dokezo. Vilivyopo kwa hakika vinatosha: jarida, mjane, kifuniko, kioo.

Nitasema pia kwamba upande wa Birdy na piano yake ndio unaonilegea. Ed anamsikia akipiga Beethoven, anaamini ana kipaji kikubwa, anampeleka San Francisco kwa mwalimu Mfaransa, ambaye anamwambia kwamba msichana hupiga noti zote sawasawa na hana roho ya muziki. Ni kweli kwamba muziki ule wa Beethoven, pamoja na ule wa Carter Burwell, unaipa filamu mwendo wake wa polepole. Lakini kila tunapokwenda kwa Birdy nahisi waandishi wakimtafutia Ed kitu cha kufanya. Deakins hata hapo hatulii. Shoti ya Ed akitembea barabarani kwa mwendo uliopunguzwa, watu wakimpita kama hawamwoni, ina jua la mchana mweupe, na bado ni miongoni mwa picha za upweke zaidi katika filamu hii. Giza halikuhitajika.

Mwishoni Ed yuko kwenye jela ya waliohukumiwa kufa, akiandika. Ndipo tunapoelewa kwamba sauti tuliyoisikia muda wote ni makala yake kwa jarida la wanaume, linalomlipa senti tano kwa kila neno, na ndiyo sababu mtu mkimya amekuwa na maneno mengi hivyo. Magazeti ya aina hiyo yaliishi kwa visa vya ajabu. Kama mtu anataka kusema kwamba kisahani tutakachokiona baadaye ni chumvi ya mwandishi anayelipwa kwa neno, filamu imemwachia mlango wazi. Imeuacha na ule mwingine wazi pia.

Usiku selo inakuwa haijafungwa. Ed anatoka, anapita kwenye korido, anafika uani. Juu ya ukuta wa jela kuna kisahani kinachoelea, kikizunguka, kikimwaga mwanga. Anakitazama kwa utulivu uleule anaotazamia kisogo cha mteja, kisha anageuka na kurudi ndani. Hakimbii, hapigi kelele, na filamu haibadilishi sauti. Watu huniuliza kama onyesho hili ni ndoto. Mimi natazama taa. Mwanga unaotoka kwenye kisahani umepigwa kwa kanuni ileile ya dirisha la chumba cha wakili: chanzo kimoja, kikali, kutoka juu, kinachofika sakafuni na kuacha pembe zote gizani. Uani pale hakuna mwanga wa aina mpya. Tumeshaufundishwa kwa karibu saa mbili, tangu dirisha la gereza hadi kioo cha daktari, na kwa hiyo unapokuja wenyewe, mkubwa na wa ajabu, jicho linaupokea kama kitu ambacho kilikuwepo siku zote. Sijaona filamu nyingine iliyoleta kisahani cha angani kwa gharama ndogo hivi ya mshangao.

Kisha kinakuja chumba cha kifo, na hapa Deakins anafanya jambo ambalo mwiga wa filamu za giza asingethubutu. Anaondoa giza. Chumba ni cheupe, kuta tupu, mwanga umetapakaa kila mahali hadi vivuli vinakosa pa kukaa. Nyuma ya kioo wamekaa mashahidi, nyuso zimepangwa safu, na Ed, fundi hadi mwisho, anaziangalia nywele zao. Mlinzi ananyoa mguu wake pale utakapofungwa waya wa umeme. Mapema katika filamu tulimwona Ed akimnyoa Doris miguu akiwa kwenye beseni la kuogea, kazi ya ndoa isiyo na maneno. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi; huyu ananyolewa na serikali. California ya wakati ule iliua wafungwa wake kwa chumba cha gesi, na kiti cha umeme ni uamuzi wa waandishi. Nadhani walikitaka kwa ajili ya wembe ule, na kwa ajili ya weupe wa kuzimika ambao gesi isingewapa. Skrini inaishia nyeupe.

Nyeusi na nyeupe haikufa baada ya hapo. Roma ya Alfonso Cuarón ilitoka mwaka 2018, na Joel Coen mwenyewe aliirudia mwaka 2021 katika The Tragedy of Macbeth, akiwa na mpiga picha mwingine, Bruno Delbonnel, na kamera za kidijitali. Zote mbili ni nzuri kwa macho. Katika The Man Who Wasn't There kuna kitu cha ziada ambacho nakithamini kwa sababu ya wakati wake: mwaka mmoja tu kabla, katika O Brother, Where Art Thou?, Deakins na ndugu Coen walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipitisha filamu nzima kwenye kompyuta ili kubadili rangi zake, wakageuza kijani cha Mississippi kuwa manjano ya vumbi. Alikuwa na chombo kipya mkononi ambacho Hollywood nzima ilikuwa inakitamani. Akakiweka chini, akarudi kwenye taa, kivuli na maabara.

Katika tamasha la Cannes la mwaka 2001 Joel Coen aligawana tuzo ya mwongozaji bora na David Lynch. Deakins alipata tuzo ya BAFTA na ya chama cha wapiga picha wa Marekani kwa kazi hii. Oscar ya mwaka uliofuata alishindania, ikaenda kwa Andrew Lesnie wa The Lord of the Rings, na yeye akangoja hadi mwaka 2018 ndipo akaipata ya kwanza, kwa Blade Runner 2049. Filamu ile ni kubwa na ya gharama, yenye rangi za machungwa na vumbi ambazo kila mtu anazikumbuka. Kama ningekuwa na kura, ningempa miaka kumi na sita mapema.

Ukitaka kuitazama, kuwa mwangalifu. Lile toleo la rangi lililodaiwa na wafanyabiashara limewahi kutoka katika baadhi ya masoko, na linaweza kukufikia mkononi. Humo moshi ni moshi tu, kuta zina rangi ya kuta, na Riedenschneider ni mtu aliyesimama karibu na dirisha. Liache. Itafute ya nyeusi na nyeupe, uitazame usiku taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, na usiirushe mbele hata pale inapokwenda polepole.